Mrija wa Kasiano

Mgeni alinikuta nikifua mashati. Ilikuwa Jumamosi alasiri, nyuma ya nyumba za walimu pale Mushasha, na wanakwaya walikuwa wakirudia wimbo mmoja kanisani kwa mara ya sita. Sikusikia hatua zake. Nilipogeuka kuchukua sabuni nikamwona mzee mwembamba, kofia nyeupe ya darizi kichwani, koti lililoshonwa vizuri kuliko koti lolote nililowahi kuvaa. Alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, haingii wala hasemi.

"Karibu, mzee," nikasema.

"Sasa ndiyo naingia," akajibu, akaingia. "We ndiye Kastori wa Kasiano?"

Baba yangu alikuwa amekufa miaka kumi na moja nyuma, kambini, Tanzania. Hapa Gitega hapakuwa na mtu anayejua jina lake.

"Ndiye mimi."

"Bon. Mi ni Uthmani, fundi cherehani wa Muyinga. Maliza mashati yako, mi iko na muda."

Akaketi juu ya ndoo. Mkononi alikuwa na kitu kirefu kama fimbo, kimefungwa kwa kipande cha kitenge na kushonwa ncha zote mbili, kazi ya fundi. Alizifumua nyuzi kwa wembe wake, polepole, nami nikaacha kufua. Ndani mlikuwa na mrija wa tete, umuheha wa kunywea pombe ya mtama moja kwa moja kutoka chunguni. Ulikuwa mweusi kwa moshi. Karibu na mdomo palikuwa na pete tatu zilizochomwa kwa moto.

"Hiyo alama ni ya baba yako," akasema. "Miaka ishirini mrija huu umekaa juu ya meko ya Gervasi. Kila chungu kikiwekwa, Gervasi anausimamisha ndani pamoja na ya wengine. Hakuna anayeuvuta. Unasimama tu."

Gervasi ni mdogo wake baba. Nilikuwa na miaka sita tulipokimbia vita mwaka tisini na tatu, na ninachokumbuka kwake ni mgongo, kwa kuwa ndiye aliyenibeba mpaka mtoni.

"Anaumwa kifua," Uthmani akaendelea. "Amevuna mtama kwenye shamba la baba yako, mkewe, mama Kasilda, amepika impeke, pombe yenyewe ya mtama. Anasema kesho uje ukae naye kwenye chungu. Donc nimekuja kukuchukua."

Nilijibu ndiyo kabla sijafikiri. Nilikuwa nimehitimu chuo mwaka uliotangulia, nafundisha Kiswahili, na kila juma niliwaandikisha wanafunzi insha kuhusu amani. Niliamini kabisa kwamba watu wakikaa pamoja, mengine yatajipanga yenyewe. Halafu, nikiwa naanika shati la mwisho, nikamkumbuka mama.

Mama yangu, Jeska, tuliporudi mwaka 2008 alikataa kukanyaga Butihinda, kwao baba. Alikwenda kwa ndugu zake Mutaho na huko ndiko anakolima. Kabla yangu alizaa mtoto mwingine. Akiwa na miaka mitatu mtoto huyo alipewa uji kwenye ua wa Gervasi asubuhi, na jua halijazama alikuwa amekufa. Baba alisema ni homa, mwaka ule homa ilichukua watoto wengi. Mama hakusema kitu mbele za watu. Lakini siku niliyohitimu alinishika mikono yote miwili, nikiwa bado nimevaa joho la kuazima, akaniambia, "Elimu umepata. Sasa niahidi jambo moja. Ukifika kwenye ua ule, usitie kitu mdomoni. Hata maji." Nikamwahidi. Sikuona ugumu wowote. Nami nililelewa kilokole, sijawahi kuonja pombe.

Hilo sikumwambia Uthmani. Niliona aibu.

Tuliondoka alfajiri ya Jumapili. Gari lilipita Mutaho watu wakielekea misani, nikainamisha kichwa nisionekane. Uthmani alikuwa amelala tangu tunatoka stendi ya Gitega, kofia imemfunika macho. Alilala mpaka Ngozi, akaamka akanunua ndizi, akalala tena mpaka Muyinga. Baadaye alikuja kuniomba msamaha kwa usingizi ule. Alikuwa na saa nne nzima za kunieleza namna mtu mpya anavyoingia kwenye chungu, na hakuzitumia, kwa sababu hakudhani kuna Mrundi asiyejua.

Kutoka Muyinga tulipanda baiskeli za abiria. Tulifika Butihinda saa nane mchana.

Ua wa Gervasi ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Katikati palikuwa na chungu kikubwa kwenye kata ya majani ya ndizi, na watu saba au wanane wamekizunguka kwenye vigoda. Uthmani akasimama mwanzoni mwa ua, akanishika koti nisipite.

"Hodi kwenye chungu," akasema.

"Chungu kina nafasi," wakajibu kwa pamoja, na hapo ndipo tukaingia.

Niliwasalimia mmoja mmoja, mkono wa kushoto ukigusa kiwiko cha kulia. Hilo nililijua. Wa mwisho alikuwa Gervasi. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilimzunguka kama ya mtu mwingine. Aliushika mkono wangu, asiuachie.

"Umechukua paji la uso la kaka," akasema kwa Kirundi. "Masikio ni ya kwao Mutaho, lakini tutayavumilia."

Watu wakacheka, nami nikacheka, na kifua changu kikawa chepesi. Kasilda, mke wake, aliniletea kigoda mwenyewe. Kiliwekwa kuume kwa Gervasi.

"Mwalimu, huku hatuna glasi," alisema jirani mmoja, Adriano, mtu wa makamo aliyekulia Tanzania kama mimi na kurudi mwaka mmoja kabla yetu. "Na soda ya Gitega haijafika. Utavumilia?"

"Mwache mtoto apumzike," Kasilda akamwambia. "We siku yako ya kwanza ulipuliza mrija badala ya kuvuta. Ulitumwagia wote."

"Nilikuwa nazibua."

Wakati wanacheka, Gervasi aliuchukua mrija wa pete tatu kutoka kwa Uthmani. Aliusuuza kwa maji ya moto, akausimamisha chunguni kando ya wake. Kisha alivuta kwa mrija wake mwenyewe, mafunda mawili, huku wote wakimtazama kimya. Akafuta mdomo. Mwenye nyumba huanza ili kila mtu aone kilichomo kimeingia tumboni mwake kwanza. Hilo sikulijua. Nilidhani mzee ana kiu.

Uthmani alipewa mrija wake. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaulaza juu ya magoti yake, akaendelea na mazungumzo. Niliona, na sikuona. Nilisema moyoni, yeye ni Mwislamu, mambo yake yanajulikana.

Halafu Gervasi akauinamisha mrija wa baba kuelekea kwangu.

"Miaka ishirini umesimama bila mdomo," akasema. "Vuta, mwanangu."

Kilichofuata kilichukua muda mfupi sana. Nilisogea mbele. Nilisikia sauti ya mama kama yuko nyuma ya kigoda, na bila kukusudia nikainamisha shingo na kuchungulia ndani ya chungu. Sijui nilitafuta nini. Mlikuwa na povu la kahawia na maganda ya mtama yakielea. Nikainua kichwa, nikasema kwa adabu yote niliyofundishwa shuleni:

"Asante sana, baba mdogo. Mimi sinywi. Nimemwahidi mama."

Mwanamke mmoja aliyekuwa amevuta funda alilishikilia mdomoni, asilimeze. Adriano ndiye aliyesema, taratibu, hata si kwa ubaya:

"Ameangalia kwanza. Halafu akakataa."

Hapo ndipo nilipojua nimesema nini. Nilikuwa nimemwambia mbele ya majirani zake wote kwamba yeye ni muuaji, na kwamba mama yangu ndiye aliyenituma kusema. Wote pale walimkumbuka, au walikuwa wamehadithiwa, yule mtoto wa miaka mitatu.

"Siyo hivyo," nikasema. "Nina maana kwamba dini yetu..."

"Kuna walokole sita kwenye kilima hiki," Adriano akasema. "Wanashika mrija, wanashukuru, wanampa jirani awanywee. Hawachungulii."

Mwanamke yule aliinuka, akatema funda nyuma ya mgomba. Akauchomoa mrija wake. Wa pili naye akachomoa. Waliondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa sauti ya chini kama watu wanaotoka msibani, hata Adriano, na chungu bado kimejaa. Ikabaki mirija miwili imesimama.

Gervasi hakunitazama. Alivuta kigoda chake karibu, akaweka mdomo kwenye mrija wake, akaanza kunywa. Alikunywa bila kupumzika. Alipokohoa alishika magoti, akasubiri kikohozi kiishe, akarudi.

"Inatosha, mzee," Uthmani akasema.

"Niangalie mimi," Gervasi akaniambia. "We ulitaka kuangalia. Angalia."

Aliendelea. Pombe ilimtiririka kidevuni ikaingia kwenye kola ile pana. Nilipiga magoti, nikamwomba aache, nikamwambia naamini, lakini mdomo wangu ulikuwa umekwisha kusema neno lake na hili la pili halikuwa na uzito. Ni Kasilda aliyekuja akautoa mrija kinywani mwake, kama mtu anavyomtoa mtoto ziwa, akamshika mabega akampeleka ndani.

Nilibaki uani na Uthmani. Jua lilikuwa bado juu. Bata wa jirani walikuja kunusa chungu.

"Kosa ni langu," akasema. "Nililala gari zima."

"Ungenieleza nini?"

"Kwamba mi nimekaa kwenye chungu hiki tangu cherehani yangu ya kwanza, na tone halijapita hapa." Aligusa koo. "Na hata siku moja sijakataa mrija. Kukataa pombe ni tumbo lako, nani atakuuliza? Kukataa mrija ni kumkataa mtu."

Alisema hivyo akiufunga upya ule mrija wa baba ndani ya kitenge, kwa mikono ile inayotia uzi kwenye sindano bila miwani.

Asubuhi ya Jumatatu Gervasi alinisindikiza. Nilimsihi abaki, akakataa. Mgeni hasindikizwi na ukuta, alisema, akacheka kidogo mpaka kifua kikamkatiza. Tulitembea polepole hadi barabarani. Alinionyesha shamba la baba: mtama umekatwa, mabua yamelazwa kwa mistari, na mpaka umepandwa miti ambayo si ya jana.

"Nilisikia kwamba huko kambini walisema nimelichukua," akasema. "Kila mwaka nililima. Shamba lisilolimwa hupata mwenyewe mwingine."

"Baba hakusema hivyo hata siku moja."

"Najua. Mama yako je?"

Niliyatazama mabua. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepokea jibu.

"Yule mtoto nilimlisha uji kwa mkono wangu," akasema. "Kijiko hiki yeye, kijiko hiki mwanangu mwenyewe. Wa kwangu akaishi. Jeska amewahi kukuambia kwamba walikula bakuli moja?"

"Hapana."

"Hakuwepo. Alikuwa kisimani. Nami sikupata namna ya kumwambia. Nilikuwa na mtoto hai na yeye ana maiti. Ungesema nini?"

Tulikuwa tumefika barabarani. Mwenye baiskeli alikuwa ananisubiri, anajifanya anapima upepo wa gurudumu.

"Baba mdogo, nitarudi," nikasema. "Jumapili ya tatu kuanzia jana, mitihani itakuwa imekwisha. Nitakaa kwenye chungu mbele ya wale wale, na nitavuta kwa mrija wa baba."

"Usiahidi kwa huruma. Utaushika tu. Wataelewa."

"Jana kushika kungetosha. Sasa hakutoshi."

"Funda moja," akasema. "Zaidi ya hapo utalewa utuaibishe."

Akageuka kurudi, na Kasilda alikuwa amekwisha kuja kumpokea njiani.

Nilirudi Gitega nikasahihisha mitihani. Nilikuwa na furaha, na ninaiandika hapa kwa sababu ni kweli: nilikuwa nimeharibu, nimepewa siku ya kutengeneza, na siku hiyo ilikuwa na tarehe. Nilipanga hata maneno nitakayomwambia mama.

Jumatano kabla ya Jumapili ya tatu Uthmani alipiga simu wakati wa mapumziko. Nilimsikia akihema kwanza.

"Kastori. Baba yako mdogo amekwenda. Saa kumi na moja alfajiri. Tunamzika kesho."

Nilikuwa na vyumba viwili vya mtihani wa kusimamia kesho yake, na mkuu wangu alisema baba mdogo si baba. Labda ningeweza kuondoka tu. Siku hizi najiambia ningeondoka. Nilisimamia mtihani.

Jumamosi nilishuka Mutaho. Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nilimwambia yote, tangu mrija mpaka bakuli moja la uji. Aliposikia bakuli mikono yake ilisimama.

"Amekuambia hivyo ili unywe," akasema.

"Alikuwa anakaribia kufa, mama. Na kesho nitakunywa. Funda moja. Nimekuja kukuambia kabla, nisikuibie ahadi yako."

Kuku walianza kudonoa maharage na hakuwafukuza.

"Nilizika mtoto mmoja aliyekula pale," akasema hatimaye. "Alikuwa anacheka asubuhi. Sina nguvu ya kukungoja barabarani kesho nione kama unarudi kwa miguu au kwa machela. Ukinywa, mimi nitaanza kilio chako leo, nikimaliza nimemaliza. Usije kunisumbua ukiwa hai."

"Mama."

Akafungua kitambaa cha kichwa. Akamwita mke wa mjomba, akamwomba wembe. Mke wa mjomba alinitazama mimi, akamtazama yeye, asijue afanye nini, mwisho akaenda kuuleta. Mama aliinamisha kichwa chake chenye mvi ambacho sikuwa nimekiona wazi tangu siku aliyofiwa na baba. Niliondoka kabla hawajaanza. Nilisikia nyuma yangu anamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, aanzie kisogoni.

Nilifika Butihinda Jumapili mchana, peke yangu. Ua ulikuwa umefagiwa. Chungu kilikuwa pale pale, na watu ni wale wale. Mtama ulikuwa umetwangwa kabla Gervasi hajafa. Yeye mwenyewe ndiye aliyehesabu siku na kumwambia Kasilda apike kwa Jumapili hii. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuumwaga.

Nilisimama mwanzoni mwa ua.

"Hodi kwenye chungu."

Ilipita pumzi moja, mbili. Uthmani alikuwa ameinamisha kichwa. Ni Adriano aliyejibu.

"Chungu kina nafasi."

Niliketi kuume kwa kigoda kitupu. Kasilda alisimamisha mirija, wa Gervasi na wa baba, kisha akavuta kwa ule wa mumewe, mafunda mawili, akafuta mdomo. Alikuwa na macho makavu. Uthmani alipokea mrija wake kwa mikono miwili, akaulaza magotini. Halafu akanisogelea sikioni.

"Shika tu, mwanangu. Mwenyewe alisema. Hakuna atakayekulaumu leo."

Nilijua ni kweli. Niliwaona wote wameukubali mkono wangu hata kabla haujanyooka. Ningeweza kushika, kushukuru, kesho nikashuka Mutaho nikamwambia mama sikunywa, akafunika kichwa chake. Nilifikiria kichwa hicho. Nilifikiria wembe, na mke wa mjomba akipangusa nywele mabegani kwake. Machozi yalinitoka nikiwa bado sijagusa kitu, na sikuyafuta, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imekwisha kuupokea mrija.

Niliweka mdomo juu ya zile pete tatu. Mrija ulikuwa na ladha ya moshi. Nikavuta. Ilikuwa vuguvugu, chachu, na punje moja ya ganda ikanikwama kwenye ulimi. Nikameza.

Sikuangalia ndani.

Adriano alisubiri mpaka nilipoinua kichwa, akasukuma kigoda chake karibu na changu.

"Sogea kidogo, mwalimu," akasema. "Unatuzibia."

Nikasogea, nikauinamisha mrija wa baba kwa aliyefuata.